Nimetoka M9 kwenda M11, mbona picha zimekosa ukali?

Swali: Nimepiga picha kwa Leica M9 kwa miaka mingi, nikiwa na lenzi tatu: ya milimita 28, ya 35 na ya 50. Karibuni nimenunua M11 nikitarajia tofauti kubwa. Tofauti nimeipata, lakini si niliyoitaka. Picha nyingi hazina ukali niliouzoea, rangi zimepooza, na kamera ikiwa mkononi naiona ngeni. Je, nimeuziwa kamera mbovu, au tatizo ni mimi? Na ile M9 niiuze?

Jibu: Ndugu, katika malalamiko yako matatu ni moja tu linaloweza kuwa ubovu wa kifaa, nalo ni hilo la ukali. La rangi linamalizwa kwenye kompyuta. La ugeni mkononi litaisha lenyewe, ingawa kuna mambo mawili matatu ambayo ukiyajua mapema yatakuokolea picha. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye ukali, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapohukumu kabla ya kupima: mtu anauza lenzi nzuri, ananunua nyingine ya gharama, kumbe kasoro iko kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na inamsubiri palepale.

Anza na namna unavyozitazama picha zenyewe. Faili la M9 lina upana wa pikseli 5,212. La M11, ukiwa umeiacha kwenye megapikseli zote 60, lina 9,528. Ukilikuza kila moja hadi asilimia 100 kwenye skrini, la M11 linakuwa limekuzwa karibu mara 1.8 kuliko la M9. Fokasi iliyokosea kidogo kama ilivyokuwa ikikosea siku zote, mkono uliotikisika kama ulivyokuwa ukitikisika siku zote, sasa vyote unavionyeshwa kwa ukubwa wa karibu maradufu. Yaani huenda hujapiga vibaya kuliko zamani hata kidogo.

Kulithibitisha hilo ni rahisi, maana M11 inaweza kuandika faili za DNG, yaani faili ghafi, za ukubwa wa aina tatu, megapikseli 60, 36 au 18, na zote zinatumia sensa nzima, ile sehemu inayopokea mwanga ndani ya kamera, bila kukata kando. Iweke kwenye 18, vesha lenzi yako ya 50, piga kitu kimoja kwa M11 na kwa M9 ukiwa umesimama palepale, kisha fungua faili mbili sambamba. Kama zinalingana, au ya M11 ni bora, basi kamera ni nzima na macho yako ndiyo yaliyopewa darubini. Kama hata kwa 18 picha ya M11 iko nyuma, endelea kusoma, kwa sababu hapo kuna kitu cha kutafutwa.

Chanzo cha kwanza cha kutafuta ni mkono. Hakuna kamera ya M ya kidijitali yenye renjifainda (kipima umbali kilicho ndani ya kitazamio) ambayo ina kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi, na M11 haikubadilisha hilo. Kilichobadilika ni ukubwa wa pikseli: kutoka kama mikromita 6.8 kwenye M9 hadi kama 3.8. Ile kanuni ya tangu zamani, kwamba lenzi ya milimita 50 inashikika kwa mkono kwa sekunde 1/50 au 1/60, ilitungwa kwa ajili ya filamu na picha za kuchapwa za ukubwa wa wastani. Kwa pikseli ndogo namna hii, lenzi ya 50 ipe 1/125 na ikiwezekana 1/250. Usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, ili uipate kasi hiyo. Najua M9 ilikufundisha kuogopa, kwa kuwa ikipita 1250 chenga (vidoadoa vinavyochafua picha) zinajaa na mistari inaanza kujitokeza vivulini, lakini M11 kwa ISO 3200 inatoa faili safi kuliko M9 kwa 800. Kwenye menyu ya ISO ya kiotomatiki utakuta unaweza kuiagiza kamera isishuke chini ya sekunde moja gawanya kwa urefu wa lenzi (1/50 kwa lenzi ya 50), kwa mara mbili yake, au kwa mara nne. Chagua ya mara mbili. Ila kumbuka kwamba kamera inaujua urefu wa lenzi kwa kusoma nukta sita za rangi zilizo kwenye pete ya nyuma. Lenzi za kabla ya 2006 na nyingi za makampuni mengine hazina nukta hizo, kwa hiyo itakubidi uichague lenzi kwenye menyu kila unapoibadilisha. Ukisahau, kamera itaendelea kuamini kwamba umevaa ile ya 28.

Cha pili ni ile mistari ya kina cha ukali iliyochongwa kwenye lenzi. Wewe unayepiga kwa 35 bila shaka umezoea kuweka tundu la lenzi kwenye f/8, unapanga umbali kwa mistari hiyo na kupiga bila hata kulenga. Mistari ile nayo ni ya enzi ya filamu. Kwa megapikseli 60 inakupa matumaini kuliko inavyostahili. Soma alama za vituo viwili nyuma (kila kituo ni mwanga maradufu au nusu): ukiwa kwenye f/8, tumia mistari ya f/4. Kina kitapungua sana, na ndivyo kilivyo kweli.

Cha tatu, na ndicho kinachoweza kuwa kasoro halisi, ni renjifainda yenyewe.

Vua lenzi utazame ndani ya mdomo wa kamera, sehemu ya juu. Utaona kigurudumu kidogo cha chuma kwenye ncha ya mkono mfupi. Ukizungusha pete ya fokasi, sehemu ya nyuma ya lenzi inakisukuma kigurudumu hicho, mkono unacheza, na kwenye kitazamio ile picha ya pili ndani ya kiraka cha katikati inahama kushoto au kulia mpaka ilalie juu ya ya kwanza. Basi. Hakuna waya unaotoka hapo kwenda kwenye sensa, na sensa haina habari umelenga wapi. Mpango huu kimsingi ni uleule uliokuwa kwenye M3 ya mwaka 1954. Sensa imetoka 18 ikaenda 60, kigurudumu kimebaki kigurudumu.

Tuitendee haki: kitazamio cha M11 ni bora kidogo kuliko chako cha zamani. Umbali kati ya dirisha la kitazamio na kijidirisha cha renjifainda ni kama milimita 69; ukizidisha kwa ukuzaji, ambao ni 0.68 kwa M9 na 0.73 kwa M11, unapata kipimo cha kama 47 kwa ya zamani na zaidi kidogo ya 50 kwa mpya. Kwa hiyo kiraka cha M11 kinatofautisha kwa wepesi zaidi. Lakini kinatofautisha vizuri pale tu kilipopangwa sawasawa, na upotofu mdogo ambao M9 ingekumezea, M11 itauanika.

Pima hivi. Weka kamera kwenye tripodi, lenzi ya 50 ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Kitu cha kulenga kiwe na mistari wima iliyo wazi. Mgongo wa kitabu chenye herufi kubwa unatosha, na pembeni yake egemeza rula kwa mshazari ili uone ukali umeangukia mbele au nyuma. Anza kwa umbali wa mita 1. Washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini, kitu ambacho M9 haikuwa nacho kabisa, ikuze hadi mwisho na ulenge kwa kutumia skrini peke yake mpaka herufi ziwe kali. Sasa, bila kuigusa pete, peleka jicho kwenye kitazamio. Picha mbili za kwenye kiraka zimelaliana, au mstari wa mgongo wa kitabu umevunjika pale unapoingia kwenye kiraka? Kisha fanya kinyume: lenga kwa kiraka, halafu kagua kwenye skrini. Rudia mara kadhaa, na kila mara izungushe pete ukitokea upande mmoja, maana lenzi nyingi zina mchezo kidogo kwenye nyuzi zake na ukija kutoka pande tofauti utapata majibu tofauti. Ukimaliza mita 1 nenda mita 3, kisha peleka pete mwisho kabisa kwenye alama ya infiniti, yaani mbali kabisa, na utazame mnara ulio kilomita kadhaa mbali, au mwezi. Hapo picha mbili zinapaswa kuwa moja, bila ubishi.

Fanya hivyo kwa lenzi zote tatu, uandike matokeo. Tafsiri yake iko hivi: lenzi moja ikikosea na mbili zikiwa sawa, ugonjwa uko kwenye lenzi hiyo. Zote tatu zikikosea kuelekea upande mmoja, ugonjwa uko kwenye bodi. Kuna mchanganyiko unaowachanganya watu wengi: infiniti iko sawa kwa lenzi zote lakini karibu zote zinakosea. Hiyo pia ni bodi, kwa sababu mafundi wana marekebisho mawili tofauti, moja la mbali kwenye kigurudumu na lingine la karibu kwenye mkono, na ukigusa moja unalivuruga jingine. Ndiyo maana sishauri ule mchezo wa kuchomeka ufunguo mdogo wa pembe sita na kuzungusha mwenyewe. Utairekebisha infiniti usiku ukiwa na furaha, halafu asubuhi sura za watu wa mita moja na nusu zina ukungu. Kamera ni mpya, ina dhamana. Ipeleke pamoja na lenzi zote tatu, na ile karatasi ya matokeo uiweke ndani ya sanduku. Fundi aliyepewa maelezo kwamba karibu inalenga nyuma na mbali iko sawa anaanza kazi mahali tofauti kabisa na aliyeambiwa kwamba kamera haina ukali.

Ukikuta picha ya pili kwenye kiraka iko juu au chini kidogo ya ya kwanza, hilo linakera macho lakini haliharibu fokasi, kwani kinachopima umbali ni mwendo wa kushoto na kulia. Libebe tu siku unapopeleka kwa sababu nyingine.

Kuna mtego mmoja wa lenzi ambao si ubovu wala wa kupeleka kwa fundi. Lenzi nyingine zinahamisha fokasi zenyewe unapolibana tundu. Zeiss C Sonnar ya 50 f/1.5 inajulikana kwa hilo, na hata Summilux ya 35 f/1.4 ASPH ya kabla ya toleo la 2010 lililoongezwa kipande kinachoelea ndani. Unalenga sawasawa, picha ya f/1.4 iko sawa, lakini kwa f/2.8 ukali umerudi nyuma ya macho ukakaa masikioni. Kwa hiyo jaribio la rula lifanye pia kwa f/2, f/2.8 na f/4, ukilenga upya kwa kiraka kila mara. Kama lenzi yako ina tabia hiyo, M9 ilikuwa inaificha.

Na jicho lako je? Miaka mingi na M9 ni miaka mingi pia kwa macho. Kitazamio cha kamera hizi kimepangwa kwa dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) −0.5, na anayehitaji zaidi anafunga kilenzi cha kusahihisha. Vilenzi vya M9 haviingii kwenye M11, kwa sababu kuanzia M10 nyuzi za kitazamio zilibadilishwa. Kama ulikuwa ukitumia kimoja na sasa huna, jibu la nusu ya malalamiko yako linaweza kuwa hapo.

Sasa rangi. Ubishi wa sensa ya aina ya CCD, kama ya M9, dhidi ya CMOS, kama ya M11, hauna mwisho, na wapenzi wa M9 wanaiongelea ile sensa ya Kodak kama marehemu aliyekuwa mtakatifu. Maoni yangu ni kwamba aina ya sensa ina mchango mdogo kuliko inavyosemwa. Rangi unayoiona inatokana na vichujio vilivyo juu ya pikseli, mizani ya weupe iliyochaguliwa, na zaidi ya yote wasifu wa rangi ambao programu yako ya kuhariri inautumia kwa kila kamera. M9 inakupa faili lenye mkolezo mkubwa tangu mwanzo: vivuli vinazama haraka, nyekundu inapiga kelele, na mizani yake ya weupe ya kiotomatiki inayumba hata kwa fremu mbili za mahali pamoja. Wengi wetu tuliuzoea uyumbaji huo tukauita mvuto. M11 inabeba tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza ndani ya faili moja, kwa hiyo programu inapolifungua, vivuli viko wazi na kila kitu kinaonekana kimepoa. Hakijapoa, hakijapikwa bado. Shusha nukta nyeusi, ongeza mkolezo kidogo katikati, punguza kijani kwenye ngozi kama inakusumbua, kisha hifadhi mpangilio huo uwe wa kuanzia kwa kila picha ya M11. Ukitaka usahihi, piga kadi ya rangi kwa kamera zote mbili chini ya mwanga mmoja na utengeneze wasifu wako mwenyewe. Ukishafanya hivyo, mpe mtu picha za kamera mbili bila kumwambia ni ipi. Atabahatisha.

Kuna mahali ambapo sensa mpya inashinda bila mjadala, nako ni kwenye kingo za lenzi pana. M9 ilikuwa na kioo chembamba juu ya sensa na lenzi ndogondogo zilizosogezwa kidogo kingoni, lakini lenzi pana za zamani ambazo kioo chake cha nyuma kinakaa karibu sana na sensa bado zilitoa kingo zenye rangi ya zambarau upande mmoja. Sensa ya M11 ina nyaya zake nyuma ya sehemu inayopokea mwanga, hivyo miale inayoingia kwa kulala inapokelewa vizuri zaidi. Ile 28 yako, hasa kama ni ya zamani, itazame upya kingoni. Nadhani utafurahi.

Mwanga unapimwa tofauti pia, na hili limewapotezea picha wengi wanaohama. M9 inausoma mwanga unaoakisiwa na mapazia ya shata, yale yanayofunguka ili mwanga ufike kwenye sensa, ikitilia mkazo katikati, na baada ya miaka mkono wako unajua wenyewe lini ya kuongeza na lini ya kupunguza. M11 inapima kwa sensa yenyewe shata ikiwa wazi, na ina njia kadhaa za kupima, mojawapo ikiwa ya kulinda sehemu zenye mwanga mkali. Ukiendelea kufidia kama ulivyokuwa ukifidia kwenye M9, utakuwa unafidia mara mbili. Anza upya. Chukulia mtu ameketi na dirisha lipo nyuma yake. Kwa M9 ulichagua: ama uso uonekane na dirisha liungue, ama dirisha libaki na uso uwe giza ambalo ukiliinua linatoa mistari. Kwa M11 pima kwa ajili ya dirisha, uso uache uwe mweusi kwenye skrini hata ukutie hofu, kisha uinue vituo viwili au vitatu kwenye kompyuta. Utainuka na ngozi, si na chenga. Kilichoungua dirishani hakirudi kwa kamera yoyote, kwa hiyo kosea kuelekea gizani.

Mkononi, tuanze na uzito, kwa sababu unategemea umenunua ipi. M11 nyeusi ina kifuniko cha juu cha alumini, na pamoja na betri ina gramu 530. Ya rangi ya fedha ina kifuniko cha shaba, gramu 640. M9 yako ina 585. Aliyechukua nyeusi analalamika kwamba ni nyepesi kama ya kuchezea, aliyechukua ya fedha analalamika bega. Hili halina dawa ila kuzoea.

Mistari ya fremu ni jambo la maana zaidi. Kwenye M9 inaangazwa na kile kidirisha cha ukungu kilicho mbele ya kamera, kwa hiyo unaiona hata kamera ikiwa imezimwa. Kwenye M11 inawashwa kwa taa ndogo ndani, na kamera ikizimwa mistari inatoweka kabisa. Wewe uliyezoea kuinua kamera iliyozimwa ili kuonja fremu, tabia hiyo imekwisha. Kingine ni kwamba mistari ya M9 imepangwa ilingane na picha kwa umbali wa mita 1, ya M11 kwa mita 2. Kwa vitu vya mbali M11 itakupa fremu iliyo karibu zaidi na ulichokiona, hutashangazwa tena na vitu vya ziada kingoni. Lakini kwa sura ya mtu aliye karibu, sensa inaona kidogo kuliko mistari inavyoahidi, na utakuja kukuta umemkata kichwa kidogo juu. Ukishuka chini ya mita moja na nusu, acha nafasi.

Shata kuwa wazi muda wote kuna matokeo mengine mawili. Kwanza, unapobonyeza, inabidi ifunge, ifungue, ipige, ifunge, kisha ifungue tena, na mpiga picha wa mtaani atakihisi kichelewesho hicho kidogo. M9 ilikuwa na kasoro yake, ule mlio wa mota ukijivuta baada ya picha, lakini wakati wa kubonyeza ilikuwa na wewe. Dawa ni kuacha kamera ikiwa imewashwa na kuigusa nusu kitufe kabla ya tukio, isije ikawa inaamka wakati mambo yanatendeka. Pili, zima kamera unapobadilisha lenzi, sensa isikae uchi, na usitembee ikiwa imewashwa lenzi ikitazama jua.

Ipo pia shata ya kielektroniki, inayofika sekunde 1/16000. Inakuruhusu kupiga kwa f/1.4 jua la adhuhuri, na haina sauti. Lakini sensa inasomwa polepole, safu baada ya safu: gari linalopita linalala upande, na chini ya taa za LED unapata mistari ya giza na mwanga. Chagua ile ya mseto, inayotumia shata ya kawaida hadi 1/4000 na kuhamia ya kielektroniki pale tu inapozidi hapo.

Kuhusu faili nitasema kwa ufupi. DNG ya M9 isiyobanwa ni kama megabaiti 36. Ya M11 kwa megapikseli 60 ni kati ya 70 na 120, na kompyuta iliyokuwa ikikimbia itaanza kukohoa. Mimi ningeweka 36 kuwa ya kila siku, 60 kwa tripodi na kazi ya kuchapa kubwa. Hakikisha pia programu ya ndani ya kamera ni ya karibuni, maana baadhi ya masasisho yaliyotolewa tangu kamera itoke 2022 yalilenga hasa tatizo la kuganda.

Na ikiwa baada ya vipimo vyote utajikuta unalenga kwa skrini kila picha kwa sababu huamini tena kiraka, jiulize kama bado unataka renjifainda. Hakuna aibu. Mwaka 2025 Leica wenyewe walitoa M EV1, M isiyo na renjifainda kabisa, yenye kitazamio cha kielektroniki, kwa watu wa namna hiyo. Kwenye M11 unaweza kupachika Visoflex 2, kitazamio cha kielektroniki cha kuongezea, juu, ingawa kwangu mimi inaharibu kile kilichonifanya nipende kamera hizi, yaani kumwona mtu anavyoingia kwenye fremu akitokea nje yake.

M9 usiiuze bado, lakini ipime leo. Sensa nyingi za M9 za mwanzo zina kioo kinacholiwa na kutu. Bana tundu hadi f/16, piga anga tupu au karatasi nyeupe ikiwa nje ya fokasi, ongeza mkolezo kwenye kompyuta. Vumbi linatoka doa jeusi la kawaida na linafutika. Kutu inatoka doa lenye duara jeupe linalolizunguka, na halifutiki. Kwa miaka kadhaa Leica walikuwa wakibadilisha sensa hizo kwa zenye kioo kipya, lakini Agosti 2020 walitangaza kwamba akiba ya sensa za CCD imekwisha. Kwa hiyo kama yako ilishabadilishwa na una karatasi ya matengenezo, itunze pamoja na kamera. Ndiyo inayoipa thamani, iwe unauza au unabaki nayo. Kama ina madoa ya kutu, mwonyeshe mnunuzi ile picha ya f/16 kabla hajauliza. Na kama ni safi lakini haijawahi kubadilishwa, ningeamua baada ya M11 kurudi kutoka kwa fundi, au baada ya vipimo kuonyesha kwamba haina haja ya kwenda, kwa sababu hadi hapo M9 ndiyo rula pekee uliyonayo ya kuipimia.